Talaka ya Kiitalia: filme ya kuchekesha yenye maiti ndani yake



Wiki hii tunazungumzia filme. Si filme mpya, wala si zile za Nigeria tulizozoea kuangalia jioni vyombo vikiisha kuoshwa. Ni filme ya Italia, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1961. Jina lake ni Divorzio all'italiana. Wanaosoma Kifaransa watalipata kwa jina la Divorce à l'italienne. Aliyeitengeneza ni Pietro Germi, na mchezaji wake mkubwa ni Marcello Mastroianni, aliyehesabiwa wakati ule kati ya wanaume wazuri wa sinema ya Ulaya.

Filme inasimulia habari za bwana anayetaka kumwacha bibi yake katika nchi isiyokuwa na talaka. Nchi ile, lakini, ilikuwa na sheria nyingine: mwanaume akimkuta bibi yake na mtu mwingine, akamwua kwa hasira ya heshima iliyovunjwa, atafungwa miaka michache tu. Basi bwana huyu anapiga hesabu. Kumwacha haiwezekani. Kumwua hivihivi ni kufungwa maisha yote. Dawa ni moja: kumtafutia bibi yake mpenzi, kuwakuta pamoja, kumpiga risasi, kukaa gerezani kidogo, kisha kurudi na kuoa yule anayemtamani.

Ndiyo filme nzima, na watu wanaicheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Utauliza: kuna nini cha kucheka hapo? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Hadithi yenyewe

Tuko Sisilia, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Italia, katika mji mdogo wenye jua kali na macho mengi. Kila mtu anajua sufuria ya jirani ina nini. Barone Ferdinando Cefalù, ambaye nyumbani wanamwita Fefè, ni mtu wa ukoo mkubwa ulioishiwa. Jina limebaki, mali imekwisha. Nyumba yao kubwa imegawanyika, nusu iko mikononi mwa mjomba wa familia. Fefè hana kazi. Anavuta sigara, anapaka mafuta nywele zake, analala mchana.

Bibi yake anaitwa Rosalia. Wameoana miaka 12. Rosalia anampenda bwana yake kupita kiasi. Anamfuata kila chumba, anamwita asubuhi na usiku, anamwuliza kama anampenda, na anampenda namna gani, na kwa nini hamwambii. Fefè anachoka naye. Ana nyusi zilizoungana na kivuli cha ndevu juu ya mdomo, na kicheko chake kinamkata bwana yake masikio.

Upande wa pili wa nyumba anakaa Angela, binti wa mjomba. Ana miaka 16. Fefè anamchungulia kutoka dirishani, na siku anapojua kwamba binti naye anamtazama kwa jicho lilelile, akili yake inaanza kufanya kazi ambayo haijafanya tangu azaliwe.

Kwanza anaota tu. Rosalia anachemsha sabuni katika pipa kubwa, na Fefè katika mawazo yake anamsukuma ndani. Wako kando ya bahari, na anamwona akizama katika mchanga. Hata anamwona akirushwa mbinguni kwa roketi. Ndoto hizo tunaziona kwa macho yetu, na tunacheka. Kisha siku moja anasikia kesi ya mwanamke aliyempiga risasi mwanaume aliyemvunjia heshima. Avoka wa mwanamke yule ana mdomo wa asali, tribunali nzima inatokwa na machozi. Fefè anarudi nyumbani, anafungua kitabu cha sheria, na anakuta kifungu cha 587. Tangu hapo ndoto imekuwa mpango.

Sasa tatizo: nani atamtaka Rosalia? Fefè anatafuta mwanaume wa kumpatia bibi yake kama vile mtu anatafuta fundi wa kutengeneza paa. Mwishoni anampata Carmelo Patanè, mchoraji, aliyempenda Rosalia zamani na ambaye watu walidhani alikufa vitani. Fefè anamwita aje kutengeneza picha za zamani juu ya dari ya nyumba. Anawaachia wawili nafasi. Anaficha mashine ya kunasa sauti ili asikie kama kazi inaendelea. Kazi inaendelea polepole mno, maana mchoraji ni mwoga na Rosalia ni mwaminifu. Bwana anakaa chumbani kwake akisikiliza, akikasirika kwamba bibi yake bado hajamdanganya! Na pale mambo yanapokaribia, kanda ya mashine inaisha.

Siku yenyewe inafika. Katika mji kunaonyeshwa filme ambayo padiri ameihubiri vibaya kanisani, akakataza watu wasiiangalie. Kwa hiyo mji mzima umekwenda kuiangalia. Filme hiyo ni La dolce vita, iliyotoka mwaka 1960, na mchezaji wake mkubwa ni Marcello Mastroianni huyuhuyu. Rosalia anasema kichwa kinamuuma, atabaki nyumbani. Fefè anatoka sinema kimyakimya, bastola iko tayari, anafika nyumbani ili awakute. Nyumba ni tupu. Bibi yake na mchoraji wamekwisha kupanda treni.

Mpango umeharibika, lakini Fefè anagundua kwamba aibu ina faida. Mji mzima sasa unamcheka. Barua zisizo na jina zinafika nyumbani, zimechorwa pembe, maana kule bwana aliyedanganywa anasemwa ameota pembe. Mchumba wa dada yake anavunja uchumba. Na Fefè anavumilia, hata anaongeza, maana kadiri anavyodharauliwa mbele ya watu, ndivyo hakimu atakavyomhurumia kesho. Mjomba anapokufa, mbele ya waombolezaji wote, bibi wa mchoraji anamjia Fefè na kumtemea mate usoni: bwana gani asiyetetea heshima yake? Bibi huyo anajitafutia haki yake mwenyewe. Fefè anapofika mahali wakimbizi wamejificha, Carmelo amekwisha kupigwa risasi na bibi yake. Fefè anamaliza upande wake. Anampiga risasi Rosalia.

Anahukumiwa miaka 3. Anatoka, mji unampokea kama mtu aliyetoka kuhiji. Anamwoa Angela. Picha ya mwisho: wako juu ya mtumbwi wa starehe baharini, bibi mpya amelala juani, Fefè anamkumbatia akiwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Na mguu wa Angela, polepole, unausugua mguu wa kijana anayeongoza mtumbwi.

Sheria ilikuwa ya kweli

Wengine wakiiona wanadhani kifungu cha 587 ni chumvi ya watunga hadithi. Sivyo. Kilikuwa katika kitabu cha sheria za adhabu cha Italia cha mwaka 1930, cha wakati wa utawala wa Mussolini. Kilisema kwamba anayemwua mwenzake wa ndoa, au binti yake, au dada yake, pale anapogundua uhusiano wao wa kimwili usio halali, akiwa katika hasira ya heshima yake au ya jamaa yake iliyotukanwa, atafungwa miaka 3 mpaka 7. Mauaji ya kawaida yaliadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 21.

Soma tena vizuri, mama. Binti, dada. Mtoto mwanaume hakutajwa, wala kaka. Maana yake heshima ya nyumba nzima ilikuwa imewekwa katika mwili wa mwanamke, kama vile mtu anaweka pesa zote za nyumba katika chungu kimoja. Kijana wa kiume akizurura, ni ujana. Binti akizurura, ni kaburi.

Na kulikuwa na sheria nyingine pembeni yake. Bibi aliyezini mara moja tu aliweza kufungwa. Bwana aliadhibiwa tu kama alimweka mwanamke wa pili ndani ya nyumba ya ndoa, au aliishi naye mahali pengine waziwazi. Kwa kifupi, bibi alikatazwa kosa, bwana alikatazwa kelele.

Germi alianza kutengeneza hadithi hii kwa uzito, akitegemea kitabu cha mwandishi Giovanni Arpino kuhusu mauaji ya heshima. Kitabu kile hakichekeshi hata kidogo. Lakini kadiri Germi na wenzake walivyozidi kuiangalia sheria ile, ndivyo walivyoona kwamba inajicheka yenyewe. Walivyoandika ndivyo ilivyokuwa: mtu anaisoma sheria kama mpishi anavyosoma maelezo ya pilau, hatua kwa hatua, mpaka sahani iko mezani. Mwaka 1963 walipewa tuzo ya Oscar huko Marekani kwa uandishi huo.

Tunamcheka nani?

Sasa turudi kwa swali letu. Filme hii inasimuliwa na Fefè mwenyewe. Sauti tunayoisikia ni yake, na kila kitu tunakiona kwa macho yake. Ni yeye anayetuonyesha kwamba Rosalia anachosha, kwamba nyusi zake ni mbaya, kwamba kicheko chake hakivumiliki. Mchezaji aliyemcheza Rosalia, Daniela Rocca, alikuwa mrembo wa Sisilia aliyepata kushinda mashindano ya urembo. Walimpaka, wakamwongezea nyusi, wakamfanya awe vile bwana anavyotaka kumwona.

Hapo ndipo filme inatukamata. Kwa muda mrefu tunacheka pamoja na Fefè. Tunasema moyoni, kweli mwanamke huyu ni mzigo. Halafu tunashtuka: kosa la Rosalia ni nini hasa? Anampikia bwana yake, anamtunza, anampenda, anataka kusikia neno moja zuri. Tumemcheka mwanamke kwa sababu tu mwuaji wake ametusimulia vizuri.

Na huku kwetu, hatujui wasimulizi wa namna hiyo? Mwanaume akitaka kuingia biro ya pili, anaanza kwa kumchora bibi yake upya. Anawaambia marafiki kwenye meza ya pombe: bibi yangu anapiga kelele, bibi yangu amenenepa, bibi yangu hanielewi, bibi yangu ni mchafu. Marafiki wanamhurumia. Wanacheka. Hakuna anayekwenda kumwuliza bibi. Siku mwanamke wa pili anapoonekana, wote wanasema, masikini, alikuwa anateseka. Bibi alihukumiwa siku nyingi kabla ya kosa lolote, katika mahali ambapo hakuwepo.

Tuseme ukweli pia kwa upande wetu. Sisi wamama tunajua kuchora. Mke mwenza wa rafiki yetu, mkwe wa dada yetu, msichana anayeuza pembeni ya soko: ni mara ngapi tumemcheka mtu kwa kumsikia tu kwa kinywa cha adui yake?

Uongo unaokula wenye uongo

Katika filme hii karibu kila mtu anadanganya. Fefè anamdanganya bibi yake, jamaa yake, tribunali. Rosalia, aliyekuwa mwaminifu, anaishia kumdanganya bwana yake kwa sababu bwana mwenyewe amemfungulia mlango na kumsukuma. Carmelo amemwacha bibi yake na kukimbia. Na Angela, yule malaika wa dirishani, mguu wake unatuambia kwamba mwaka hautaisha Fefè hajapata pembe za kweli.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Fefè ameua ili apate binti mdogo, na binti mdogo amejifunza kwake. Amekua katika nyumba ambamo ndoa ni mtego na mapenzi ni mchezo wa kujificha. Angetoa wapi mfano mwingine? Watoto wetu wanaona zaidi ya tunavyodhani. Mtoto anayetumwa kusema "papa hayupo" na papa yuko chumbani, mtoto anayesikia mama akibadilisha sauti kwenye telefone, anajifunza masomo ambayo hayako katika kitabu cha shule.

Tumfikirie pia huyo Angela kwa njia nyingine. Ana miaka 16. Katika filme mji mzima unamtazama kama tunda lililoiva, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayeuliza kama ni mtoto. Baba yake anamficha kwa watawa ili kulinda jina la nyumba. Mwanaume wa zaidi ya mara mbili ya umri wake anamsubiri atoke. Yeye mwenyewe, nani amemwuliza anataka kuwa nani?

Na mashine ile ya kunasa sauti? Leo iko mfukoni mwa kila mtu. Bwana anafungua telefone ya bibi usiku, bibi anachukua kidole cha bwana aliyelala ili afungue yake. Filme inatuonyesha mtu anayesikiliza kwa siri nyumba yake mwenyewe, na kanda inakwisha kabla ya ukweli kufika. Aliyeanza kupeleleza hatosheki. Kama amani ya nyumba inategemea kusoma ujumbe wa mwenzako wakati amelala, basi amani imekwisha kutoka, na kinachobaki ni kuzungumza macho kwa macho.

Italia ilibadilika vipi

Filme peke yake haibadilishi sheria. Lakini neno "talaka ya Kiitalia" lilishika vinywani mwa watu, na kitu kikichekwa na nchi nzima, ni vigumu kukitetea tena kwa uso mkavu. Mwaka 1968 na mwaka 1969 mahakama ya katiba ya Italia ilifuta zile sheria za uzinzi zilizompima bibi kwa kilo na bwana kwa gramu. Mwezi wa Desemba 1970 bunge lilipitisha sheria ya talaka. Waliopinga waliomba wananchi wenyewe waamue, na mwezi wa Mei 1974 wananchi walipiga kura. Karibu watu 6 kati ya 10 walisema sheria ibaki.

Kifungu cha 587 kilikaa mpaka Agosti 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 20 tangu filme itoke. Ni wanawake walioandamana, waliohukumu nyumbani kwao, waliokataa kunyamaza, walioisukuma mpaka ikaanguka. Mmoja wao ni Franca Viola, binti wa Sisilia. Alitekwa kwa nguvu akiwa na miaka 17, mwishoni mwa mwaka 1965, na akakataa kuolewa na aliyemnajisi, ingawa sheria ya wakati ule ilimsamehe mwanaume akikubali kumwoa. Baba yake alisimama naye mpaka tribunali ikamfunga yule mwanaume. Germi alikuwa amekwisha kutengeneza filme nyingine juu ya sheria hiyo mwaka 1964. Maisha yakafuata, na mama huyo akaionyesha nchi kwamba heshima si kitu ambacho mwanaume anaweza kumnyang'anya mwanamke.

Na huku kwetu Congo

Sisi tunayo talaka katika sheria, kwa hiyo hatuko katika mtego wa Fefè. Lakini tusijisifu haraka. Sheria yetu ya Jamaa, ile tunayoiita kwa Kifaransa Code de la famille, ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilikuwa na mizani miwili. Bibi aliyezini aliadhibiwa. Bwana aliadhibiwa tu kama uzinzi wake ulifanyika katika hali ya kumtukana bibi vikali. Unaona? Maneno yametofautiana na yale ya Italia, wazo ni ndugu yake. Tena bibi alihitaji ruhusa ya bwana ili afanye mambo mengi ya kisheria, na msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, wakati mvulana alingoja 18.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha hayo. Leo ruhusa ya bwana imeondolewa: mambo makubwa ya nyumba yanaamuliwa na wawili. Umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote wawili. Na uzinzi ni kosa kwa bwana kama kwa bibi. Wamama wengi bado hawajui hayo, na mabwana wengi wanajua lakini hawasemi.

Basi mama ambaye ndoa yake inamwumiza afanye nini? Hatuandiki hapa ili watu wakimbilie talaka. Wengi wetu tumefunga ndoa mbele ya Mungu na tunaiheshimu. Lakini ni vizuri kujua njia iko wapi. Jamaa na wazee wanakaa kwanza, kama desturi yetu. Padiri au mchungaji anaweza kusikiliza. Shauri likifika tribunali ya amani, hakimu hakati ndoa siku hiyohiyo: anawaita wawili na kujaribu kuwapatanisha. Talaka inatolewa pale anapoona kwamba ndoa imevunjika kabisa na haiwezi kutengenezwa. Kwa sababu hiyo tunza hati yako ya ndoa ya komini na hati za kuzaliwa za watoto mahali unapopajua. Ndoa ya mahari peke yake, isiyoandikwa Eta sivili, inakuacha na kazi kubwa ya kuthibitisha siku ya shida.

Na neno moja ambalo halina kicheko. Fefè aliota kifo cha bibi yake siku nyingi kabla ya kushika bastola. Rosalia hakuona, kwa sababu bwana alikuwa mtu wa adabu, mwenye nywele za mafuta. Sisi mara nyingi tunaona na kunyamaza. Bwana anayesema "siku moja nitakuua", anayekukaba shingo na kuomba msamaha asubuhi, anayekuchunga kila hatua, usimhesabu kuwa mwenye wivu wa mapenzi. Mwambie mtu leo: dada yako, mama wa likelemba, jirani, mkubwa wa kanisa. Ukipigwa, nenda hospitali na uombe karatasi ya daktari kabla alama hazijafutika. Akina mama wa chama, mwenzenu akija na maneno hayo, musimwambie avumilie tu. Muulize atalala wapi usiku huu.

Kama munataka kuiangalia

Filme inachukua karibu saa 1 na dakika 45. Inazungumzwa Kiitalia, kwa hiyo tafuteni ile yenye maandishi ya Kifaransa chini, na mumoja anayesoma vizuri awatafsirie wengine. Hakuna picha za uchi wala damu nyingi, lakini habari yake ni ya watu wazima. Watoto walale kwanza. Ingekuwa vizuri mabwana na mabibi waiangalie pamoja, wakae viti tofauti kidogo, na kila mumoja aone mwenzake anacheka wapi.

Kisha muzungumze. Tunawapa maswali manne ya kuanzia:

1. Ni nani katika filme aliyekuambia kwamba Rosalia ni mwanamke wa kuchosha? Je, kuna mtu katika maisha yako unayemjua kwa njia hiyo tu?

2. Heshima ya nyumba yenu inakaa wapi? Binti akikosa na kijana akikosa, adhabu ni moja?

3. Bibi wa mchoraji alidanganywa naye, akachukua bunduki. Angeweza kuchukua njia gani nyingine, na nani angemsaidia?

4. Angela atakuwa mama wa namna gani?

Swali la mwisho musilijibu haraka. Wasichana wetu watakuwa wanasikiliza kutoka jikoni, na jibu lenu ndilo watakalobeba.